MS: joto likimlegeza, aache mazoezi?

Pole sana, wewe na dada yako mwenye MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo). Umeuliza kama aache mazoezi kwa kuwa akipata joto macho huingia ukungu na miguu hulegea. Asiache. Joto la mwili likipanda hata nusu digrii, neva zilizopoteza utando unaozifunika hupitisha ujumbe kwa shida. Akipoa, hali hurudi ilivyokuwa, na neva hazijadhurika zaidi. Afanye asubuhi, dakika 10, apumzike, kisha 10 nyingine, feni ikiwaka na kitambaa cha maji baridi shingoni. Baiskeli ya mazoezi, ile isiyosogea, inamfaa: mguu ukilegea hana hatari kubwa ya kuanguka.

Dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24, amwone daktari wa neva haraka. Apimwe na mkojo, maana maambukizi ya kibofu huzidisha dalili za zamani.

Kabla ya kumeza vitamini D, apime damu kwanza. Ikizidi mno hupandisha kalsiamu na kuumiza figo. Mitishamba ya "kuongeza kinga" siiungi mkono kabisa: kinga yake ndiyo inayoshambulia neva. Dawa alizoandikiwa asizikatize hata akijisikia nafuu. Ugonjwa huweza kuendelea ubongoni bila dalili.