Kopo la Chui: nilivyojifunza kumpimia mbwa chakula

Mbwa wetu Chui, anayelinda ua wetu hapa Bukavu, alianza kuhema vibaya kila tulipopanda miteremko ya Kadutu, nami nikadhani ni uzee, ingawa alikuwa na miaka mitano tu. Daktari wa mifugo alimpapasa mbavuni, kisha akanitaka nifanye vivyo hivyo, na sikuweza kuhisi ubavu hata mmoja bila kubonyeza kwa nguvu. Mbwa mwenye uzito unaofaa mbavu zake hupatikana kwa vidole bila taabu, na ukimtazama kutoka juu utaona kiuno chake.

Nilipanda mizani nikiwa nimembeba, nikapanda tena peke yangu, nikatoa: kilo 24. Kwa umbo lake, daktari alikadiria kwamba zilimtosha 20, na kwa mbwa anayepaswa kupungua, uzito wa kufanyia hesabu ni huo anaotakiwa kuwa nao, kwani ukimlisha kwa uzito alio nao utakuwa unaulisha unene wake.

Hesabu yenyewe inatisha kwa sura tu, maana simu yoyote yenye kikokotoo inaiweza. Chukua kilo 20, zidisha 20 kwa 20 kwa 20, upate 8,000. Tafuta kipeuo cha pili (alama ya √) mara mbili mfululizo, upate 9.46 hivi; kisha zidisha kwa 70. Jibu ni kalori 662, ambazo ni mahitaji ya mwili ukiwa umetulia. Mbwa mzima aliyehasiwa huzidishiwa 1.6, asiyehasiwa 1.8, na anayetakiwa kupungua, kama Chui, hubaki na hizo 662.

Sisi hatununui chakula cha mbwa cha dukani. Chui hula bugali (ugali) na sambaza, samaki wadogo wakavu wa Ziwa Kivu, ambao huliwa wazima pamoja na miiba yao, na miiba hiyo humpa madini ya chokaa ambayo unga unayo kidogo sana. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori zipatazo 360, na sambaza wakavu niliwakadiria kuwa na 300 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 120 za unga na 75 za samaki zikafika karibu 655 kwa siku, zikigawanywa asubuhi na jioni. Unga hupimwa kabla haujapikwa, kwa sababu bugali hubeba maji mengi, na uzito wake sufuriani hubadilika kulingana na mkono wa mpishi. Nilipima mara moja kwa mizani, nikatia alama kwenye kopo la maziwa, na tangu hapo kopo ndilo kipimo chetu.

Hata hivyo wiki mbili zilipita bila Chui kupungua hata kidogo. Nilipochunguza, niligundua kwamba watoto walimtupia mikate, mlinzi wa usiku aligawana naye chakula chake, na mama mkwe, kwa huruma tu, alimmiminia mabaki ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori zipatazo 120, yaani karibu moja ya tano ya posho yake ya siku nzima, na sombe yetu hupikwa na vitunguu, ambavyo huharibu damu ya mbwa. Kumkatalia mama mkwe ilikuwa kazi ngumu kuliko hesabu yote.

Mbwa hupunguzwa polepole, asilimia moja hadi mbili ya uzito kwa wiki, nasi tulimpima kila Jumapili kwa miezi minne. Watoto wa mbwa na majike wanaonyonyesha hawaingii katika hesabu hii. Mahitaji yao ni makubwa zaidi, na watoto hulishwa mara tatu au nne kwa siku.

Chui sasa ana kilo 20 na nusu, posho yake imeanza kuongezwa kidogo kidogo, na mama mkwe mwenyewe ndiye humpa chakula cha jioni, kutoka katika kopo lilelile.