Mtoto Akishakaa Kwenye Bao, Usimnyanyue

Jumapili iliyopita mwanangu wa kiume, ana miaka 11, alinifunga mkononi. Kwa wasioijua lugha ya bao, kufungwa mkononi ni kufungwa kabla hujamaliza kunamua, yaani kuingiza kete za akiba baoni moja moja, nyingine zikiwa bado kiganjani. Mimi nilibakiwa na saba, na safu yangu ya mbele ilikuwa na mashimo matatu tu yenye kitu. Akatia kete moja, akala, akasambaza kuanzia kichwani, shimo la mwisho wa safu ya mbele. Ya mwisho ikaangukia penye kete, akala tena, akasambaza, akala la tatu. Mbele yangu kukawa kweupe. Hakushangilia. Alisema tu, "Mama, hamna tena."

Furaha niliyoipata siku ile sijaipata hata siku niliyoajiriwa. Na usiku usingizi haukuja, nikawa namkumbuka babu. Kuna mama mmoja aliniandikia mwezi uliopita, akaniuliza atawatoaje wanawe kwenye simu. Sikumjibu kwa sababu sikuwa na jibu la mistari miwili. Dada yangu, jibu langu ni hili, na ni refu.

Nimelelewa Pangani, kwa babu mzaa mama, fundi wa ngalawa. Bao lake alilichonga mwenyewe kwa mninga: mashimo 32, safu nne za manane manane, mawili kati yake yakiwa nyumba, mashimo ya pembe nne, kila mchezaji na yake. Kete zilikuwa komwe 64, za kijivu, zimelainika kwa kushikwa miaka na miaka. Ikipotea moja, babu hakukubali kokoto ishike nafasi yake. Tulitumwa ufukweni, kwenye vichaka vya mikomwe, na ile miti ina miiba kwelikweli. Ukirudi na komwe moja na mikwaruzo kumi mikononi, hutapoteza kete tena.

Alinianzisha mwaka 1986, nina miaka saba. Kwanza bao la kujifunza, kete mbili kila shimo. Nilipozoea, akanipandisha kwenye bao lenyewe: sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 za kunamua mkononi. "Mke wangu," alikuwa akiniambia, kama babu wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "usiangalie mkono wangu. Angalia shimo." Mkono wake ulikuwa mkubwa, umekakamaa kwa tezo, lakini ukisambaza kete ulikuwa mwepesi ajabu. Hakuhesabu kwa macho. Alichota, na kidole gumba kikazisukuma moja moja, tak, tak, tak, huku akiongea na mpita njia.

Hakunihurumia hata siku moja. Nilifungwa mwaka mzima na nusu wa pili. Nililia, nilisusa, niliwahi kulikung'uta bao zima kwa hasira, na adhabu yangu ikawa kuokota komwe zote 64 na kuzipanga upya kama zilivyokuwa kabla sijazimwaga, kila shimo na idadi yake. Niliweza. Nadhani ndiyo siku aliyoniona mchezaji. Nilipomfunga mara ya kwanza, mwaka 1988, nilikimbia mpaka kivukoni kuwatangazia watu nisiowajua, na yeye akabaki barazani akiwaambia wenzake kwamba Mwalimu Nyerere naye ni mpenzi wa bao, na kwamba angetamani amkute huyu mjukuu wake.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, mzazi mwenzangu: kaa chini ucheze. Kumnunulia mtoto mchezo na kumwacha nao hakutoshi. Kaa wewe, na simu yako iwe chumba kingine. Na usimwachie ashinde. Mtoto anajua akiachiwa.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma mpaka leo.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 12. Walikuja wageni kutoka ng'ambo ya mto, Bweni, watu wazima, wachezaji wanaosifika. Babu alinikalisha nicheze na mmoja wao, kwa fahari. Nilikuwa namshinda. Nyumba yangu ilikuwa nzima, imejaa, nangoja wakati wake. Mgeni mwingine akasema, "Binti huyu si ameshakuwa mkubwa?" Basi. Hakusema zaidi ya hayo. Babu hakuniangalia usoni. Akasema, "Nenda kamsaidie bibi yako." Kete zangu nilimkabidhi mzee mmoja, akakaa nafasi yangu, akaumalizia mchezo wangu, akashinda, akapewa pongezi. Nilizisikia nikiwa uani.

Sikukaa tena kwenye lile bao. Babu amefariki 1997 hatujacheza hata mara moja zaidi. Alinipenda, sina shaka, na nimemsamehe, lakini sijasahau. Bao lake alipewa binamu yangu wa kiume asiyejua hata kunamua. Miaka baadaye nilienda kusalimia, nikalikuta bandani limewekewa pumba za kuku.

Lakini uani kulikuwa na bibi. Siku ile nilipewa nazi nikune, nikakaa kwenye mbuzi machozi yananitoka. Bibi hakunibembeleza. Akapepeta mchele kidogo, akasimamisha ungo, akatega sikio barazani, ambako sasa babu mwenyewe alikuwa anacheza. "Babu yako anafungwa," akasema. Nikamuuliza amejuaje. "Sikiliza. Mkono wa mwenzake haukomi, wake unalala mapema." Kumbe alikuwa amekaa uani miaka arobaini akilisikiliza bao kupitia ukuta! Alijua nani amechota nyumba kwa urefu wa mlio. Alijua babu akikasirika, maana kete zake zilianguka kwa kishindo. Mchezo wenyewe hakuwahi kufundishwa na mtu. Toka siku hiyo tukawa tunakuna nazi na kusikiliza pamoja, tukibishana kwa kunong'ona, na mara nyingi yeye ndiye aliyepatia.

Shule, chuo, ndoa, hayo nayaruka. Mwaka 2014 nilikwenda kwa wachongaji wa Mwenge, hapa Dar es Salaam, nikanunua bao. Nilipolishika mikono ilijua yenyewe.

Nawaambia hivi wazazi, na naomba mnisikie: mtoto akishakaa kwenye bao, usimnyanyue. Usimnyanyue kwa sababu mgeni amekuja. Usimnyanyue kwa sababu ni wa kike, au kwa sababu sufuria iko jikoni na kaka yake amekaa bure. Iwe bao, drafti ya vizibo vya soda, karata au keram, acha amalize mchezo wake, afungwe kwa mkono wake au ashinde kwa mkono wake. Tunalalamika watoto wamezama kwenye simu. Je, tumewapa nafasi gani mbele yetu, na tuliwaacha waikalie kwa muda gani? Bao bei yake ni ndogo kuliko simu, na kama huna hela, chimba mashimo mchangani, safu nne za manane, okota vijiwe. Kaa naye. Kaa naye tena kesho. Usimhurumie, na usimnyanyue.

Jumapili ile, baada ya kufungwa, binti yangu wa miaka minane alivuta mkeka, akakaa nilipokuwa nimekaa mimi. Ulikuwa wakati wa kupasha chakula cha usiku. Nikainuka mwenyewe, nikaenda jikoni, nikawasha jiko, nikakiacha chakula kikae kwanza. Mkono wa kaka yake nilikuwa naujua, ni wa haraka, kete zinagongana. Ukalala. Kisha ukaanza mwingine, wa polepole, tak, tak, tak, ukaendelea, ukazunguka, ukala, ukaendelea tena. Nikahesabu mpaka kumi na tisa. Huko sebuleni kaka yake akaacha kuongea.