Kaka ameleta karatasi za mirathi tusaini, nisaini?

SWALI: Shikamoo wakili. Baba amefariki miezi mitatu iliyopita, hakuacha wosia, tuko watoto wanne na wote tumekubali kaka mkubwa ndo asimamie mirathi. Sasa kaleta karatasi mbili anataka tusaini harakaharaka, anasema mahakama inazisubiri. Sijazielewa, na nikigoma ataona simuamini. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa msiba. Usisaini kwanza. Mwambie kaka akuachie siku mbili uzisome, hapo hujamkosea chochote.

Kuna karatasi mbili za mirathi ambazo ukiziangalia juujuu zinafanana ila kazi zake ni mbalimbali kabisa. Moja ni ridhaa ya warithi, hapo unakubali tu fulani ateuliwe kuwa msimamizi, fungu lako haliguswi. Nyingine ni hati ya kuachia haki, na hio ukishasaini umesema fungu lako hulitaki, kuja kulidai baadae ni kazi kubwa na mara nyingi unashindwa. Kwa hiyo soma maneno yenyewe, ukiona "naachia" au "sitakuwa na madai yoyote" weka kalamu chini umtafute wakili wako mwenyewe, sio wa kaka. Ukiona "nakubali ateuliwe" basi, na majina ya warithi wote yapo na lako limo, saini. Alafu penye nafasi wazi piga mstari, watu wanajazia vitu baadae.

Fomu ya maombi ataijaza kaka mwenyewe, anaambatanisha cheti cha kifo na orodha ya warithi, anaandika makadirio ya mali na madeni kisha anaapa kwamba ni kweli, na sehemu nyingi anatakiwa alete na wadhamini. Chukueni nakala kadhaa za cheti cha kifo zilizothibitishwa, maana benki wataitaka, bima wataitaka, ofisi ya ardhi nao wataitaka.

Akishapewa hati ya usimamizi wengi wanadhani mambo yameisha na kaka sasa ndo mwenye mali. Hapana jamani! Ile hati inampa ruhusa ya kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu na kugawa kinachobaki, basi. Ndo maana nawasisitizia watu fomu mbili zinazokuja baadae ambazo familia nyingi hata hazijui zipo: orodha kamili ya mali na madeni, na hesabu inayoonyesha kilichoingia, kilicholipwa na nani kapata nini. Wewe ni mrithi, una haki ya kuziona, muombe nakala na ulinganishe na yale makadirio ya mwanzo, nyumba au akaunti ikipotea katikati utaijua hapo.

Mwisho utasaini risiti ya kupokea fungu lako. Hio unaisaini ukishapokea, sio ukiahidiwa.