Waifai ya Linux inashika mstari mmoja: angalia antena kabla ya kufomati

Mkuu, umesema ukiwa Windows mtandao uko vizuri, ukiwasha Ubuntu unabaki na mstari mmoja hata ukikaa ubavuni mwa ruta. Hao wanaokwambia ubadilishe Linux waache. Mimi nilibadilisha tatu wikiendi moja, bando likaisha, tatizo palepale.

Yangu ilikuwa laptopu ya mtumba, draiva (programu inayoendesha kadi ya waifai) ni rtl8723be. Andika lspci -k uone yako inatumia ipi. Kama si hiyo, dawa hii haikuhusu. Nikiwa hatua mbili tu kutoka kwenye ruta, iw dev wlp3s0 link (wlp3s0 ni jina la kadi yangu, weka la kwako) ilinipa -84 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Umbali ule ilitakiwa isome -40 na ushee. Nilipofungua kifuniko cha chini ndipo nikaelewa: kadi ina vichomeko viwili vya antena, waya ni mmoja tu. Draiva ikianza husoma maelezo yaliyoandikwa kiwandani ndani ya chipu ili ijue antena iko upande gani. Kumbe maelezo yanasema huku, waya umechomekwa kule! Ile -84 ni mabaki tu ya mawimbi.

Kigezo cha draiva cha kuchagua antena kinaitwa ant_sel. Kwa kawaida huwa 0, yaani draiva inaamini chipu. Ukiweka 1 au 2 unailazimisha. Jaribu hivi, amri ya kwanza inaitoa draiva, ya pili inaipakia upya:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

Ikigoma weka 1. Yangu ilipanda hadi -47 hapohapo, nikacheka peke yangu.

Ila ukizima mashine hiyo inapotea, na thamani hii husomwa moduli (yaani hiyo draiva) inapopakiwa tu, huwezi kuibadilisha draiva ikiwa kazini. Kwa hiyo iandike:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Jina la faili liishie na .conf. Mimi niliisahau hiyo nukta conf, jioni nzima ikaenda. Ukiwasha upya, cat /sys/module/rtl8723be/parameters/ant_sel ikupe 2.

Mawimbi yakiwa mazuri lakini mtandao unakatika-katika, hilo ni la draiva kubana umeme: zima kwa kuongeza fwlps=0 kwenye mstari uleule, ikigoma jaribu ips=0. Usiviweke vyote siku moja, hutajua kipi kimekuponya.

Na kama 1 na 2 zote zinasoma vilevile, chukua bisibisi ufungue. Kwa mashine za mtumba, huenda fundi aliyetangulia aliuacha waya unaning'inia.