Maswali ya Wasomaji: Ramani ina nukta saba, ukuta tuujenge wapi?

SWALI: Sisi ni kikundi cha kina mama huku Mwingi, Kaunti ya Kitui. Tunataka bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kukinga mchanga unaohifadhi maji, kwenye mto wetu wa msimu. Kijana mmoja ametutolea ramani ya kompyuta yenye nukta saba, akasema zote zinafaa. Pesa zetu zinatosha ukuta mmoja tu. Tuchague ipi?

JIBU: Ramani hiyo huenda ni nzuri, ila imeuona mto wenu kwa mbali. Nyingi za aina hiyo hutokana na data ya miinuko ya setilaiti ambayo kila mraba wake ni mita 30 kwa 30. Mto wa upana wa mita 12 humezwa na kingo zake ndani ya mraba mmoja, hivyo mteremko mliopewa waweza kuwa wa kilima cha kando. Na mwamba ulio chini ya mchanga, setilaiti haiuoni kabisa.

Nendeni Septemba, mto ukiwa mkavu. Mahali ng'ombe wanapolamba mawe au penye ukoko mweupe kingoni, futeni nukta hiyo: maji yatakuwa ya chumvi. Penye kona pia futeni, maana mafuriko yatakula ukingo wa nje na kuuzunguka ukuta. Penye mikuyu, na visima vya mchangani vinavyochelewa kukauka, simameni.

Hapo tumieni nondo ya milimita 16, urefu mita 3. Ichongeni ncha, kisha mkate mapengo madogo kwa msumeno wa chuma kila sentimita 25. Ipigeni nyundo katikati ya mto kila baada ya mita 20, mkiandika kina. Ikigota kwa mlio mkali na mkono ukatetemeka, ni mwamba. Ikizama kwa sauti butu na mapengo yakatoka na udongo unaonata, ni mfinyanzi. Ikigota, lakini hatua moja kando ikazama, hilo ni jiwe tu. Ndiyo maana hupimwa pia kwa kukata mto, ukingo hadi ukingo, kila mita 2.

Mnachotafuta ni mwamba uliopanda karibu na juu na kuuvuka mto mzima, na upande maji yanakotoka pawe na kina kirefu cha mchanga. Wengi huteleza hapa: wakiona kina kirefu, hujenga papo hapo. Ukuta wa namna hiyo hula saruji na maji bado hupita chini yake.

Mwisho pimeni mchanga. Jazeni ndoo ya lita 20, mwagieni maji hadi yaonekane juu, kisha mtoboe chini na kukinga. Wenye punje kubwa hutoa karibu lita 7, mchanga laini kama lita 4, tope lita 1 hivi.

SWALI: Bwawa letu hapa Makueni limejaa tope badala ya mchanga. Kwa nini? — Msomaji, Makueni

JIBU: Yaelekea ukuta ulipandishwa wote kwa mkupuo mmoja. Maji yakituama nyuma ya ukuta mrefu, tope nalo hutua. Sehemu ya katikati ya kupitishia maji huachwa chini, ikainuliwa sentimita 30 hivi kila mchanga unapoifikia. Lakini kama mashamba ya juu hayana fanya juu (matuta ya kuzuia mmomonyoko), hata ukuta wa hatua kwa hatua utajaa udongo wa mashamba hayo. Anzeni huko.