Baraza bila mpita njia

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu kwa ajili ya sauti yenyewe tu. Unasema huko Muscat, kwenye kazi yenu ya kutafsiri, mwenzako amekuuliza mbona Waswahili Baraza la Mawaziri wanaliita kwa jina lile lile la mahali pa kukaa nje ya nyumba, na kipi kilitangulia, mawe au mawaziri. Ukacheka. Mimi sikucheka.

Neno ni la Kiarabu, na wewe uko kwa wenyewe, ungewauliza. Asili yake ni kutoka, kujitokeza mahali pa wazi ukaonekana na watu. Kama hujasahau ulivyosomeshwa chuoni, fungua al-Baqara aya ya 250, jeshi la Talut lilipojitokeza kumkabili Jalut: kitenzi ni hicho hicho. Kisha sura Ibrahim aya ya 21, siku watakapotoka wote mbele ya Mwenyezi Mungu. Hapo hamna jiwe wala waziri, mna kutoka nje tu. Hata Waarabu wa zamani, mpiganaji mmoja akitoka kwenye safu kumkabili mmoja wa upande wa pili, pambano lao liliitwa mubaraza. Sisi limetubakia kubarizi, na vijana siku hizi wanadhani maana yake ni kupunga upepo Forodhani.

Basi masultani wa hapa Unguja walikuwa na barza yao, wanatoka kuonana na watu na kusikiliza mashauri. Na nyumba za mawe nazo zina za kwao, kwa sababu mgeni mwanamume hakuingizwa hovyo walipo wanawake. Alikirimiwa hapo hapo ukutani, juu ya mawe na chokaa. Serikali nazo zikalichukua jina: Baraza la Mapinduzi 1964, Bara wakaunda Baraza la Kiswahili la Taifa 1967, na hapa kwetu Baraza la Wawakilishi 1980. Kenya chifu akikusanya watu chini ya mti, hilo pia ni baraza. (Darasani nilifundisha "baraza la", miaka yote, na nikifika nyumbani ulimi unateleza, "baraza yetu". Usiwaambie.)

Lakini mwambie na hili mwenzako, nyinyi nimekwisha kuwachosha nalo: baraza bila mpita njia ni chumba tu.

Unalikumbuka letu. Watu saba wakibanana wanaenea. Niru, chokaa yake ya juu, imemomonyoka kwenye pembe ile ambayo babu yako alikuwa akigonga bakora yake akitaka kusema. Masika maji yakijaa uchochoroni, nyinyi mlikuwa mkipita juu yake mkaruka la jirani, mkaruka la pili, mpaka dukani bila kulowa miguu.

Mwaka 1975 nilipata nafasi ya chuo cha ualimu. Babu yako nilipomwambia hakunijibu siku nne. Ya tano, baada ya sala ya alasiri, akalipeleka shauri langu barazani. Mimi sikuitwa. Nilichemsha kahawa, nikajaza dele, nikampa mdogo wangu apeleke pamoja na sahani ya kashata, nikarudi nyuma ya mlango nikaweka jicho kwenye ufa. Walikuwa watano. Mmoja wao, simtaji, amekwisha kufa na wajukuu zake nimewasomesha mimi, alisema: "Mtoto wa kike akishajua kuandika, ataandika nini kama si barua?" Wakacheka. Na babu yako akacheka.

Wenzake walikuwa na haki ya kucheka, si baba zangu. Yeye nilimwona bega likitikisika.

Pale pale akatokea muuza samaki, anasukuma baskeli, pakacha la vibua nyuma. Uchochoro wenyewe unaujua, baskeli ikipita lazima waliokaa wakunje magoti, kwa hiyo hakuna asichokisikia. Akasimama. Akasema, bila hata kuamkia, "Mwacheni akasome, na wangu wapate mwalimu." Halafu akauliza nani anataka fungu. Babu yako akanunua mawili, wala hakuomba apunguziwe. Yeye, aliyekuwa akibishania bei ya ndimu! Usiku akaniambia niangalie sanduku langu kama kufuli linafunga.

Bibi yako mpaka anakufa alishikilia kwamba baba alikuwa ameshakata shauri, eti hata kitambaa cha sare alikwisha kununua, kaficha juu ya kabati. Huenda. Lakini kama alikwisha kuamua, alicheka nini? Na kama hakuamua, mimi ualimu wangu wote, na kusoma kwenu nyote, kumetokana na mtu ambaye alikuwa anataka kumaliza vibua vyake kabla ya magharibi. Nikifika hapo nasema ndiyo maana ya baraza hiyo, lingekuwa chumba cha juu asingesikia. Kisha najiuliza, wazi kwa nani? Mpita njia alisema neno lake akasikilizwa, na mwenye shauri yuko nyuma ya mlango wa njumu ana jicho moja nje. Mlango ule kila nikiusifia uwazi wa wazee wetu unanisuta.

Kwa hiyo mawaziri, ambao hukaa milango imefungwa, wanastahili jina au hawastahili? Yapo mambo ya serikali hayasemwi mbele ya muuza samaki, nakubali. Mimi ningekuwa... haya, nanyamaza. Utatafsiri mwenyewe.

Hukuniuliza habari za kaka yako, lakini ameshakwambia, nakujua. Anataka kulizungushia baraza nondo, liwe na mlango na kufuli. Anasema vijana wanakaa na simu mpaka saa saba za usiku kwa sababu ya intaneti ya jirani, wanatupa maganda ya miwa, na asubuhi mkewe ndiye anayefagia. Kufagia anafagia kweli, nimemwona. Nikamwambia Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kuamka tu ukachomelea vyuma bila idhini. Akajibu idhini ataiomba. Nyumba ni yake sasa kama ilivyo yangu, nami nimeshaapa sitasema kitu mpaka na wewe useme lako. Sema upesi.

Fundi alikuja juzi kupima, kaka yako hayupo. Nikamkalisha pale pale nikamtolea kahawa. Alikunywa vikombe vitatu, akaamkiana na kila aliyepita, akapata na kazi ya geti kwa mtu wa nyumba ya tatu. Alipoondoka aliusahau utepe wake wa kupimia. Ninao mimi.

Mama yako