Mchungaji anajibu: Nimekosa kesha, jina langu likafutwa

*Bwana asifiwe Mchungaji. Mimi nauza mitumba sokoni Busia upande huu wa Uganda, niliokoka kabla sijaolewa. Kanisani kwetu kuna daftari, kila Ijumaa ukija kesha unatiwa tiki, zaka pia inaandikwa, kusuka rasta hapana, suruali hapana, mkufu hapana. Juzi mtoto alishikwa na malaria nikakosa makesha mawili, basi kiongozi wa akina mama akanitoa kwaya eti mpaka nirudi kwenye moto. Tangu hapo nikiomba naona kama naongea na ukuta. Rafiki yangu ananiambia kaa kwa neema achana na hayo yote, lakini naogopa, nikiacha sheria si nitarudi duniani? – Mama P.*

Amina dada, na pole sana kwa mtoto, natumaini saa hii anacheza nje. Naanza na yeye makusudi. Usiku ule wenzako wanaimba wewe ulikuwa unamfuta na kitambaa cha maji, unamshika paji la uso kila saa kuona kama joto limeshuka, unamlazimisha ameze dawa anatapika unaanza upya, sasa niambie hiyo inaandikwa ukurasa gani wa lile daftari? Yesu aliwauliza wakubwa wa dini, nani kati yenu ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hamtoi hapo hapo? Iko Luka 14, na Biblia inasema walishindwa kumjibu. Yani hata ng'ombe dada, sembuse mtoto.

Alafu hili shida lako ni la zamani, Wagalatia walikuwa nalo. Walianza vizuri na imani, wakaja watu wakawaambia Yesu sawa lakini ongezeni tohara. Na sisi wa mashariki tunaelewa tohara inavyoweza kubeba heshima ya mtu mzima, waulize Bagisu mwaka wa imbalu, ile sherehe yao ya kutahiri vijana. Paulo akawaka, akawaita wajinga, mmeanza katika Roho mnataka kumaliza katika mwili? Lakini angalia hapa, mi napapenda sana: Paulo huyo huyo alimtahiri Timotheo kwa sababu alikuwa anaenda naye kuhubiri kwa Wayahudi hakutaka kelele, Matendo 16, ila kwa Tito wakataka kulazimisha, akakataa kata kata. Kisu ni kile kile! Kwa Timotheo ilikuwa njia ya kuwafikia watu, kwa Tito walitaka iwe tiketi ya kukubaliwa na Mungu. Kwa hiyo usiposuka rasta kwa sababu hupendi au hutaki makelele na mama mkwe, hakuna neno, baki hivyo hivyo. Siku nywele zikiwa ndo kipimo cha kama Mungu anakupenda, hapo ushaingia kongwa lile la Wagalatia 5.

Tena hapa kwetu Uganda tusijifanye hatujui. Mwaka 1941 pale Mukono wanafunzi 26 wa chuo cha kanisa walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao, na moja ya makosa ni kuamka alfajiri kabla hakujapambazuka kuomba na kuhubiri wakati wameshakatazwa. Hao ni Balokole, watu wa uamsho, walioimba Tukutendereza, yani tunakusifu, kwa sababu wameona damu ya Yesu inatosha. Hakuna mtu aliyewahesabia yale maombi, waliadhibiwa kwa ajili yake! Lakini baadaye, kuelekea miaka ya 1970, ndani ya uamsho ule ule kukatokea kundi likasema wengine wamelala, likaanza kukaza masharti, ukichukua mkopo wewe umelala, mavazi nayo yakaangaliwa. Na walikuwa wanampenda Mungu kweli, ndo maana sikuambii viongozi wako ni watu wabaya. Walitaka kuutunza moto, wakaishia kulinda jiko.

Kuhusu kurudi duniani, soma Tito 2:11-12, neema yenyewe ndo inatufundisha kukataa ubaya. Na hiyo hatia unayosikia ichunguze, kwa sababu Roho akikugusa anakuonyesha kitu chenyewe, umemdanganya mteja pale, karekebishe, ukitubu inaisha. Hii yako haina jina, inakwambia tu wewe hufai, ukienda kesha inapumzika wiki moja inarudi. Sioni Roho Mtakatifu hapo.

Sasa ufanye nini? Rafiki yako anaharakisha, usitupe vyote. Kesha nenda siku unataka na nyumbani kuko sawa. Zaka toa kwa moyo kama 2 Wakorintho 9:7, huna usikope. Hilo la kwaya muone mchungaji mwenyewe, na mumeo aende na wewe, umweleze mtoto alikuwa mgonjwa, bila kumsema huyo mama. Akikujibu kwamba daftari ndo daftari, kuhamia kanisa lingine si dhambi.

*Mchungaji mi ni boda wa Kasese, napenda sana mahubiri ya neema. Ijumaa huwa napitia baa alafu kuna dada fulani hapo, lakini si nimeshasamehewa hata ya kesho? – Ndugu wa stendi*

Ndugu yangu, wewe sheria zilikutesa lini? Huyo dada hapo juu ana kongwa la kuvuliwa, wewe unatafuta kibali. Warumi 6 Paulo aliulizwa hilo hilo, tuzidi kutenda dhambi ili neema iongezeke? Akasema hasha. Ijumaa hii paki pikipiki nyumbani saa moja, na mkeo umwambie yote kabla hajaambiwa na wenzako wa stendi.